Kwa nini cheti cha miwani huisha muda wake?

SWALI: Fremu ya miwani yangu imevunjika. Nilipeleka cheti cha miaka 3 iliyopita katika duka la miwani Kariakoo, wakakataa kunitengenezea nyingine hadi nipimwe upya. Nina miaka 44 na ninaona vizuri. Je, si njia ya kunitoza fedha tu? Msomaji, Temeke.

JIBU: Ndugu msomaji, duka hilo limekutendea haki. Namba za cheti hueleza hali ya macho yako siku uliyopimwa, na kwa kawaida hutegemewa kwa mwaka 1 hadi 2, kwa sababu macho hubadilika polepole kiasi kwamba mwenyewe huzoea bila kutambua. Katika umri wako lenzi iliyo ndani ya jicho hukakamaa, ndiyo maana wengi waliovuka miaka 40 huisogeza simu mbali ili wasome ujumbe.

Linalonihangaisha zaidi ni glaukoma, ambayo wengi huiita presha ya macho. Kwa kawaida haiumi. Huanza kupunguza uoni wa pembeni huku ukiendelea kusoma herufi za ubaoni bila shida, na uoni uliopotea haurudi. Mtaalamu huigundua kwa kupima shinikizo la jicho na kuchunguza mshipa wa fahamu ulio nyuma yake. Ikiwa una kisukari, au mzazi wako ana glaukoma, tafadhali pimwa kila mwaka. Uendapo, chukua miwani iliyovunjika, kwani lenzi zake zinaweza kupimwa na kulinganishwa na vipimo vipya.