Fimbo ya uchifu imeota kijani: tuipige msasa?

SWALI: Marehemu babu yangu alikuwa chifu wa Kiluba huku upande wa Kamina, kusini mwa Kongo (DRC). Tumebaki na fimbo yake ya mti, yenye umbo la mwanamke juu na waya wa shaba uliozungushwa katikati. Waya umeota kijani, na chini kuna vitundu vinavyomwaga unga. Mjomba anataka tuipige msasa, tusugue shaba ing'ae, kisha tupake vanishi kabla ya sherehe ya ukoo. Ni sawa?

JIBU: Hapana ndugu yangu, na tafadhali mwombe mjomba auweke msasa chini leo hii. Fimbo ya namna hiyo, kibango, husomwa. Sehemu pana zilizo bapa ni makao ya utawala. Ule mti mrefu mtupu ni nyika na njia za kufikia ikulu ya mfalme. Mwanamke aliye juu naye hakuwekwa kwa urembo, maana kwa Waluba wanawake ndio waliotunza siri za ufalme. Zile chale ndogo kwenye bapa zina maneno yake, na msasa ukipita mara chache tu yamefutika. Hata weusi unaong'aa pale palipozoea kushikwa umetokana na mikono ya waliotawala. Hakuna vanishi ya kuurudisha.

Anza na wadudu, maana hawangoji sherehe. Kung'uta unga, laza fimbo juu ya karatasi nyeupe siku kadhaa. Unga mpya ukidondoka, bado wamo. Usimwage mafuta ya taa wala kupuliza dawa ya mbu. Ifunge ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, iwekwe kwenye friza kubwa inayofika nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukiitoa, usifungue mfuko mpaka siku ya pili, la sivyo unyevu utatua juu ya mti wenyewe.

Sasa shaba. Tazama vizuri: ukijani ukiwa wa kunata, hasa pale waya unapogusa mti, ni mafuta yaliyopakwa miaka mingi yakiila shaba. Uchokonoe taratibu kwa kijiti cha mianzi, kisha ufute kwa pamba iliyoloweshwa spiriti kidogo sana, bila kugusa mti. Limau, majivu na dawa za kung'arishia hubaki kati ya mizunguko ya waya na kuendelea kula. Rangi ya kahawia iacheni. Waya ukilegea, ufungeni kwa uzi wa pamba, msipige msumari.

Kabla ya sherehe pigeni picha kila upande, na mkalishe wazee waisome bapa kwa bapa huku mkiwarekodi. Hiyo naiona kazi kubwa kuliko usafi wote niliokueleza. Kama ina ncha ya chuma na desturi inataka ichomekwe ardhini, chagueni pakavu, na mfute udongo siku hiyo hiyo.