Filamu za dhoruba za bajeti ndogo: kasoro yake si picha za kompyuta pekee

Ndugu mleta mada, umeuliza kwa nini filamu nyingi za vimbunga na mafuriko zilizotengenezwa kwa fedha kidogo huchosha kabla ya kufika katikati, na wengi waliotangulia wamejibu kwamba tatizo ni ubovu wa picha za kompyuta. Niliwahi kuendesha kibanda umiza, yaani ukumbi mdogo wa kuonyeshea filamu, hapa Majengo, Moshi, na niliyoyaona kwa watazamaji wangu yananizuia kukubaliana na jibu hilo. Kimbunga kilichochorwa vibaya walikivumilia. Kilichowafanya wazomee ni paa kung'olewa na upepo huku majani ya mti ulio nyuma ya steringi, yaani mhusika mkuu, yametulia, jua linawaka, na shati lake ni kavu.

Radi nayo hukosewa karibu kila mara. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ngurumo ya radi iliyopiga umbali wa kilomita moja hutufikia baada ya sekunde tatu hivi, lakini katika filamu hizi mwanga na ngurumo huja pamoja hata radi ikipiga ng'ambo ya bonde. Kule kuingoja ngurumo, ambako kila mtoto anakufahamu, kungetia hofu bila kugharimu chochote. Kuhusu zile filamu ambazo mashujaa huzima kimbunga cha baharini kwa bomu, itoshe kusema kwamba joto linalotolewa na kimbunga kilichokomaa hulinganishwa na bomu la nyuklia la megatani 10 linalolipuka kila baada ya dakika 20.

Kinachoniuma zaidi ni mafuriko, kwa sababu sisi wa chini ya mlima tunayajua. Wakati wa masika mvua huweza kunyesha kwa wingi huko juu, kwenye msitu wa Kilimanjaro, huku watu wa tambarare za Kahe wakiwa hawajaona hata tone, kisha mto ukawafikia umejaa tope na magogo. Tarehe 3 Desemba 2023 sehemu ya Mlima Hanang, mkoani Manyara, iliyolowa kwa mvua ilimeguka, na kilichoshuka hadi mji wa Katesh kilikuwa tope zito, mawe na miti; waliofariki walizidi 80. Filamu za bei nafuu hutuonyesha maji safi ya buluu, na asubuhi yake barabara zimekauka, hakuna anayemtafuta ndugu yake wala anayechota tope sebuleni, ilhali hapo ndipo janga lenyewe linapoanza kwa walionusurika.

Kwa hiyo, mtengenezaji filamu wa Arusha au Moshi mwenye kamera moja asihangaike kuiga mawimbi ya filamu za Marekani. Achukue familia moja inayobishana usiku kama ihame au ibaki, baba akikataa kuwaacha ng'ombe, bibi akisisitiza kwamba mto haujawahi kufika kwenye mgomba ule, na mngurumo wa maji ukizidi kusikika nje. Fedha kidogo alizonazo azielekeze kwenye kinasa sauti kizuri.