Mzazi, usiishie kwenye divisheni

Swali la wiki hii limeuliza kama ripoti ya muhula inamwonyesha mzazi maendeleo ya mtoto au inamtajia nafasi yake tu. Nikizungumzia sekondari za Tanzania, naona kwamba anachohitaji mzazi mara nyingi kimo ndani ya ripoti, ila macho yanakimbilia divisheni (daraja la jumla la matokeo) na nafasi, na hayo mawili ndiyo yanayoficha mengi.

Shule nyingi hutumia viwango vya NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, vya Kidato cha Nne: A ni 75 hadi 100, B 65–74, C 45–64, D 30–44, na F chini ya 30. A ina pointi 1, F ina 5, kisha hujumlishwa pointi za masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Pointi 7–17 ni divisheni ya kwanza, 18–21 ya pili, 22–25 ya tatu, 26–33 ya nne, 34–35 ni sifuri. Sasa chukua mwanafunzi wa masomo tisa mwenye B moja, C nne, D mbili, na F za Hisabati na Fizikia. Ana pointi 22, divisheni ya tatu. Zile F mbili hazimo kabisa kwenye hesabu hiyo. Akipata 5 au 28 ya Hisabati, divisheni ni ileile, na mzazi aliyeuliza "umepata ngapi?" akajibiwa "tatu" hajui kwamba mtoto ameshaliacha somo.

Tatizo jingine ni upana wa C. Aliyekuwa na 63 akashuka hadi 46 ameporomoka alama 17, lakini bado ni C, bado ni pointi 3. Kwa hiyo soma alama yenyewe, weka ripoti ya muhula uliopita pembeni, na ulinganishe somo kwa somo. Omba pia wastani wa darasa kwa kila somo. Alama 40 pale darasa lina wastani wa 32 si sawa na 40 pale wastani ni 61. Ya kwanza inadai uulize ufundishaji wa somo, ya pili inadai ukae na mtoto.

Nafasi nayo ihakikiwe, kwa sababu siku hizi hutoka kwenye Excel, programu ya majedwali ya kompyuta, na kosa moja linajirudia. Mwalimu akiandika fomula ya RANK, inayopanga nafasi, bila alama za dola ($) za kuifunga safu ya alama isihame, kisha akaiburuta chini, kila mwanafunzi hulinganishwa na walio chini yake tu, na wa mwisho kwenye orodha hutoka wa kwanza! Vilevile AVERAGE, fomula ya wastani, huruka chumba kitupu. Aliyekosa mtihani wa Hisabati kwa ugonjwa hugawanyiwa kwa masomo manane badala ya tisa, wastani unaweza kupanda, akawapita waliofanya yote. Mwalimu wa taaluma aamue mapema: aliyekosa mtihani haorodheshwi kwenye nafasi, na ripoti iseme hivyo waziwazi.

Ripoti pia itaje alama zimetokana na nini. Kama jaribio la katikati ya muhula lina 30 na mtihani wa mwisho 70, iandikwe, maana anayefanya vizuri majaribio na kuanguka mtihani wa mwisho ana shida tofauti na anayeanguka kote.

Halafu kuna maoni. "Aongeze bidii" hayamsaidii mtu. Mwalimu wa somo aandike mstari mmoja unaofanyika: "Anakosea kubadili alama za + na − anapohamisha namba kwenye mlinganyo, afanye maswali matano kila siku wakati wa likizo." Hata mzazi asiyejua Hisabati anaweza kukagua kama maswali matano yamefanywa.

Na orodha nzima ya darasa isitupwe kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Kila mzazi atumiwe ya mwanawe.