Maswali ya Santuri: Jalada na Sahani Iliyomo Ndani

SWALI: Shikamoo mzee. Katika duka la vitu vya mitumba hapa Mombasa nimeona santuri ya mpiga piano wa jazi wa Marekani, Herbie Hancock, yenye jina la "Mwandishi". Mwenye duka anasema nyimbo zake zimeimbwa kwa Kiswahili. Je, ni kweli, au Wamarekani waliazima lugha yetu kuwa pambo tu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwenye duka amesoma jalada, sahani yenyewe hajaisikiliza. Santuri hiyo ilirekodiwa San Francisco tarehe 31 Desemba 1970 na kutolewa mwaka 1971, na ni muziki wa ala mtupu. Kiswahili kimo katika majina ambayo wanamuziki walijipa: Hancock ni Mwandishi, mpiga besi Buster Williams ni Mchezaji, mpiga ngoma Billy Hart ni Jabali, Bennie Maupin ni Mwile, Julian Priester ni Pepo Mtoto, na mpiga tarumbeta Eddie Henderson ni Mganga. Sikio la mtu wa pwani litastuka kidogo, kwa kuwa sisi tungemwita Hancock mtunzi, na "mwile" bila shaka lilikusudiwa kuwa mwili. Jina la Henderson, hata hivyo, lilimkaa barabara, maana alikuwa amesomea udaktari na kufuzu kabla ya kujiunga na bendi hiyo.

Nisingeliita jambo hilo pambo tu. Miaka ile Wamarekani Weusi wengi walikuwa wakitafuta lugha ya Kiafrika isiyofungamana na kabila moja, wakakiona Kiswahili kinafaa. Ndiyo maana hata Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani Weusi iliyoanzishwa na Maulana Karenga mwaka 1966, ina istilahi za Kiswahili. Lakini nia njema haipigi muziki. Kilichoipa santuri hii thamani ni jinsi watu sita wanavyosikilizana. Wimbo wa kwanza, uliotungwa kwa heshima ya mwanaharakati Angela Davis, una mzunguko wa mapigo 15, na anayeuhesabu kwa nne nne atapotea kabla ya tarumbeta kuingia. Ninaoupenda zaidi ni wimbo wa pili, ulio mtulivu. Upande wa pili wote umejazwa na wimbo mmoja wa dakika zaidi ya 20, na nakiri kwamba baada ya miaka mingi bado kuna mahali ndani yake ninapoinuka kwenda kuchemsha chai.

Ukitaka jazi ambayo Kiswahili kinasikika ndani yake, itafute "Uhuru Afrika" ya mpiga piano Randy Weston, iliyorekodiwa New York mwezi Novemba 1960, mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilipata uhuru. Mshairi Langston Hughes aliandika maneno, Melba Liston akapanga muziki wa bendi kubwa iliyokuwa na Clark Terry, Freddie Hubbard, Yusef Lateef, Max Roach na Babatunde Olatunji, na Tuntemeke Sanga wa Tanganyika akayatamka maneno ya ufunguzi kwa Kiswahili. Zingatia kwamba Tanganyika yenyewe ilikuwa bado haijapata uhuru wake. Ilisubiri zaidi ya mwaka mmoja, hadi Desemba 1961. Kila ninapoiweka sahani hiyo, sauti ya Sanga hunifanya niache ninachokifanya, kwa sababu hapo Kiswahili hakikubandikwa juu ya muziki baada ya kazi kwisha, bali ndicho kinachoufungua mlango ili ngoma ziingie. Sehemu ya mwisho inaitwa "Kucheza Blues", na kweli inachezeka. Serikali ya makaburu ya Afrika Kusini iliipiga marufuku santuri hiyo, jambo linaloonyesha kwamba wao, angalau, waliisikiliza.

SWALI: Marehemu baba alikuwa shabiki wa Morogoro Jazz, na aliniachia santuri zake ndogo. Rafiki yangu anayejifanya mjuzi ananicheka kwamba hiyo si jazi. Nimjibu nini? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Mwambie kwamba ana haki kuhusu muziki, ila hajui historia ya neno. Bendi zetu zilipojiita Jazz, kuanzia Dar es Salaam Jazz Band hadi Western Jazz na NUTA Jazz, neno hilo lilimaanisha bendi ya kisasa ya dansi, yenye magitaa na ala za kupuliza, iliyotofautiana na ngoma za jadi na taarabu. Huko Kongo ndivyo ilivyokuwa pia kwa OK Jazz ya Franco, iliyoanzishwa mwaka 1956. Muziki wao ulichota zaidi kwenye rumba ya Kuba, iliyoletwa Afrika kwa santuri, kuliko New Orleans, jiji la Marekani ilikozaliwa jazi. Mimi nazipanga santuri za Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa wa Morogoro Jazz, kwenye rafu yake mwenyewe, si kwa kuzidharau, bali kwa sababu gitaa lake lina kazi tofauti: linamzungumzisha mcheza dansi aliye uwanjani, ilhali saksafoni ya John Coltrane, Mmarekani wa jazi, mara nyingi inazungumza na mpiga ngoma aliye nyuma yake. Zitunze santuri za baba yako wima, mbali na jua, na usizisafishe kwa mafuta ya nazi kama nilivyoona jirani mmoja akifanya.

SWALI: Nina santuri ya kiongozi wa bendi ya jazi Duke Ellington, ya tamasha la Newport, Marekani, la mwaka 1956. Nimeambiwa kwamba ni ya uongo na kwamba makofi yake yamebandikwa. Nimeudhika sana. (Msomaji, Muscat)

JIBU: Ndugu yangu, una haki ya kuudhika nusu. Usiku wa tarehe 7 Julai 1956 Ellington alipiga kweli mbele ya umati wa Newport, na mpiga saksafoni Paul Gonsalves alipiga peke yake mizunguko 27 mfululizo huku watu wakiinuka vitini na kucheza. Bahati mbaya ni kwamba Gonsalves aliielekea mikrofoni ya redio ya Sauti ya Amerika badala ya ile ya kampuni iliyokuwa ikirekodi santuri, na kwa hiyo kwenye santuri ya zamani anasikika kama mtu aliye chumba cha pili. Sehemu kubwa ya nyimbo nyingine ilirudiwa studioni siku chache baadaye, kisha kelele za watu zikaongezwa. Kanda za redio zilipopatikana, zilichanganywa na zile za kampuni, na toleo la mwaka 1999 likatuletea onyesho lenyewe. Nunua toleo hilo uzisikilize zote mbili. Mimi nina ile ya zamani na sitaiuza, kwa sababu hata kule mbali aliko, Gonsalves bado anaunguza.

SWALI: Je, inafaa kutumia fedha nyingi kununua toleo la kwanza la "Kind of Blue" ya mpiga tarumbeta wa jazi Miles Davis? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Kwa kusikiliza, hapana. Mashine mojawapo ya kurekodi ilikuwa ikienda polepole kidogo tarehe 2 Machi 1959, na hivyo, kanda yake ilipochezwa kwa kasi ya kawaida, nyimbo tatu za upande wa kwanza zilitoka kwenye santuri zikiwa juu kidogo ya sauti yake halisi. Kosa hilo lilianza kurekebishwa katika toleo la mwaka 1992, kwa kutumia kanda ya mashine ya akiba. Wapiga tarumbeta wangapi walijifunza kwa kufuatisha santuri hiyo wakidhani ala zao ndizo mbovu! Ukilitaka toleo la kwanza kwa mapenzi, toa sahani ndani ya jalada kabla ya kulipa na uisome lebo. Niliwahi kurudi nyumbani na jalada safi la Miles lenye sahani ya nyimbo za Krismasi ndani, na muuzaji aliyeniuzia hakupatikana tena.

SWALI: Ungeweza kuhudhuria onyesho moja tu la zamani, lingekuwa lipi?

JIBU: Klabu ya Village Vanguard, New York, Jumapili ya tarehe 25 Juni 1961, Bill Evans akiwa kwenye piano, Scott LaFaro kwenye besi na Paul Motian kwenye ngoma. LaFaro alifariki katika ajali ya gari siku 11 baadaye, akiwa na umri wa miaka 25. Katika santuri za siku hiyo unasikia glasi zikigongana na watu wakipiga soga pale besi inapopanda. Ningekaa meza iliyo karibu naye, na ningejizuia sana nisiwaambie wanyamaze, maana soga zao nazo nimezikariri.