Wasomaji wanauliza: Mtoto amekamatwa, nifanye nini?

SWALI: Mwanangu wa miaka 15 alikamatwa na wenzake wawili, wakidaiwa kuvunja kibanda na kuiba mtungi wa gesi. Kituoni alisema ana miaka 19 kwa sababu wenzake walimwambia aseme hivyo. Ametoka kwa bondi na atafika mahakamani mwezi ujao. Mwenye kibanda anataka alipwe tu. Je, atafungwa? – Mama, Kaptembwa, Nakuru

JIBU: Pole, Mama. Sheria ya Watoto ya 2022 hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kufungwa jela. Lakini kinga hiyo haitamfaa maadamu faili inasema 19. Akipelekwa rumande kwa umri huo, atawekwa na watu wazima, jambo ambalo Katiba inakataza kwa mtoto.

Kwa hiyo usingoje mwezi ujao. Mpelekee ofisa mpelelezi nakala ya cheti cha kuzaliwa, na nyingine ofisi ya watoto ya kaunti ndogo yenu. Ukikosa cheti, anza na kadi ya kliniki na rekodi za shule. Ubishi ukizidi, mahakama huagiza daktari akadirie umri, na makadirio huweza kukosea. Cheti kinafaa zaidi.

Kisha muone kiongozi wa mashtaka kabla mtoto hajajibu mashtaka. Umuombe kesi iamuliwe nje ya mahakama. Hilo huwezekana ushahidi ukiwepo, mtoto akikiri kwa hiari yake, nawe mzazi ukikubali. Huenda akatakiwa kuomba radhi, kurudisha mali, kufanya kazi ya jamii au kupata ushauri nasaha, na hatahesabiwa kuwa amepatikana na hatia. Asilazimishwe kukiri asichofanya, hata na wewe.

Utayari wa mwenye kibanda ni jambo jema sana, ila kumlipa kimyakimya hakufuti kesi. Wazazi wengi hulipa, kisha hushangaa jina la mtoto likiitwa mahakamani. Mwenye kibanda aende mwenyewe kwa kiongozi wa mashtaka akaeleze, na malipo yaandikwe. Bondi ya polisi, kwa upande wake, ni bure.

Mtoto akikana mashtaka, mwambie hakimu mapema kwamba huna uwezo wa kulipa wakili. Mtoto ana haki ya kupewa mmoja kwa gharama ya serikali. Akipatikana na kosa, ofisa wa probesheni huja nyumbani na shuleni kuchunguza hali yake kabla ya uamuzi kutolewa. Hapa ndipo wengi huharibikiwa: mzazi akisema “huyu amenishinda”, mtoto hukosa pa kurudishwa, na ambaye angeweza kusimamiwa akiwa nyumbani hupelekwa taasisi ya kurekebisha vijana (borstal) kama Shikusa, Kakamega, ambako amri hufika miaka mitatu. Eleza atakaa na nani, atasoma wapi, na nani atamfuatilia.

SWALI: Mjukuu wangu wa miaka 11 alimrushia mwenzake jiwe, likamuumiza jicho. Anaweza kushtakiwa? – Nyanya, Nyalenda, Kisumu

JIBU: Hapana, Nyanya. Aliye chini ya miaka 12 hawajibiki kwa jinai. Kabla ya 2022 mpaka ulikuwa miaka 8. Hata wa miaka 12 au 13 huchukuliwa kuwa hatambui jema na baya, hadi mahakama ithibitishiwe vinginevyo. Lakini aliyeumia ni mtoto pia: kaeni na wazazi wake mbele ya ofisa wa watoto, mkubaliane gharama za matibabu. Polisi wakimshikilia mjukuu wako, piga 116, nambari ya kusaidia watoto. Simu ni ya bure.