Kulinda Fikira Mbele ya Kioo cha Simu

Kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa nilifanya kazi ya mapokezi, zamu ya usiku, katika nyumba moja ya wageni Mji Mkongwe. Baada ya saa tano kazi hiyo huwa ni ya kukaa tu: wageni wamekwishapanda vyumbani, mlango mkubwa wa mbao umetiwa komeo, na kinachosikika ni feni na paka wanaogombana uchochoroni. Nilikuwa na simu, nilikuwa na bando, na usiku mzima ulikuwa mbele yangu. Ndipo nilipozama katika filamu za kutisha, na ninaandika haya kwa ajili ya Mkristo mwenzangu ambaye huenda yuko pale nilipokuwa mimi, anayejiambia kama nilivyojiambia kwamba ile ni picha tu, na picha haimdhuru mtu mzima.

Sikuanza na mambo makubwa. Mwenzangu wa zamu ya mchana alinirushia filamu ya familia iliyohamia katika nyumba yenye mizimu, ikanipendeza, nikatafuta nyingine. Kutoka hapo nikaenda kwenye simulizi za majini za kusikiliza, ambazo kwa Kiswahili zipo tele na wasimuliaji wake wana vipaji kwelikweli: mtu anakusomea kwa sauti ya chini, nyuma yake unasikia bundi na hatua za miguu mchangani, nawe umevaa hedifoni peke yako katika ukumbi mtupu. Kisha nikafika kwenye filamu za waganga na makafara, za hapa kwetu na za Nigeria. Programu za simu zimetengenezwa ziendelee zenyewe. Sehemu moja ikimalizika ya pili inaanza bila ya wewe kugusa chochote, na kadiri unavyotazama mambo ya aina moja ndivyo unavyoletewa mengine ya aina hiyo hiyo. Ilipofika mwezi wa tatu simu yangu ilikuwa hainiletei kitu isipokuwa damu, makaburi na vilinge.

Jambo la kwanza lililonipata halikuwa ndoto mbaya, bali ni kuzoea. Tukio ambalo wiki ya kwanza lilinifanya nigeuze uso, baada ya miezi miwili nililitazama huku natafuna andazi. Wakati ule nilidhani nimekomaa. Sasa najua kwamba ile ilikuwa ganzi, na ganzi haichagui pa kuingia, kwani miezi hiyo hiyo mke wangu alinieleza habari ya jirani aliyefiwa na mtoto, nami nikamsikiliza kama mtu anayesomewa bei za samaki.

La pili liligusa sala. Nimelelewa katika Kanisa la Anglikana, na tangu utotoni nina desturi ya kusoma Zaburi ya 91 kabla ya kulala. Siku moja nilipofika kwenye maneno "Hutaogopa hofu ya usiku" na kufumba macho, nilichokiona ni uso wa mwanamke wa kwenye filamu, amesimama pembeni ya kitanda, nywele zimemfunika. Nikaendelea kusoma kwa moyo, uso haukuondoka. Hakuna jini lililonitokea, wala sidai hivyo. Ni akili yangu iliyokuwa ikinirudishia kile nilichoilisha. Jambo linalotutia hofu hushika katika kumbukumbu kuliko mambo ya kawaida, na usingizi ndio wakati ambao ubongo hupanga na kuhifadhi yale tuliyoyapitia tukiwa macho. Nami nilikuwa nikitoka zamu, namalizia sehemu ya mwisho ndani ya daladala, nafika nyumbani nalala. Zaburi nilikuwa naipa dakika mbili, na filamu saa sita.

Hata hivyo haya mawili hayakunitoa pale. Aliyenitoa ni binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka sita.

Ilikuwa alasiri, nimeamka, natoka uani kunawa uso. Nikamkuta amechutama karibu na pipa la maji. Alikuwa amekunja kipande cha kanga kuukuu kikawa mwanasesere, amemlaza juu ya kifuu cha nazi, amemfunika kitambaa chekundu, na mwenyewe anamzunguka akiwa na kikombe cha bati mkononi, anamnyunyizia maji na kusema maneno. Maneno yale niliyajua. Yalikuwa ya mganga wa filamu niliyoitazama siku mbili kabla, simu ikiwa kifuani, sauti imefunguliwa, nikiamini kwamba mtoto aliyelala ubavuni mwangu amelala kweli. Aliyasema yote, na pale ambapo mganga hukohoa, naye alikohoa. Nilipotaka kupita akanyoosha mkono kunizuia: "Baba, usivuke, huyu anapandisha. Leta kuku kwanza." Hakuwa na hofu hata kidogo, na kutokuwa na hofu kwake ndiko kulikoniumiza, kwa kuwa mtoto huyu huyu nilikuwa nikimhimiza wiki ya nne sasa ashike Baba Yetu na bado anakwama katikati.

Nadhani sisi wa visiwa hivi tuna sababu ya kuwa waangalifu kuliko watu wa mahali pengine. Kwetu habari za majini hazipo kwenye filamu tu. Zinazungumzwa barazani, sokoni na hospitalini, na watu wenye elimu huzitaja kwa sauti ile ile wanayotajia mvua. Mimi nimekulia Pemba, na mwaka 1995, nikiwa mtoto wa skuli ya msingi, nilishuhudia habari za jini aitwaye Popobawa zilivyoanza kule na kuvuka hadi Unguja. Watu wazima waliacha vitanda vyao wakalala nje kwa makundi, wamewasha moto, kwa sababu ilisemekana kwamba anawaingilia waliolala ndani. Wazazi wangu walikuwa waumini wa Kristo na kila Jumapili hawakukosa ibada, lakini nakumbuka vizuri mkeka wetu ukitandikwa uani pamoja na mikeka ya majirani. Siwalaumu. Ninalosema ni kwamba hadithi peke yake, iliyopita kinywa hadi kinywa, bila ya picha wala muziki wa kutisha, iliweza kuwatoa watu wa kisiwa kizima vyumbani mwao. Basi hadithi hiyo ikitengenezwa na mafundi wa sauti na taa, na ukaitazama kila usiku kwa hiari yako, itakutoa wapi?

Kwa muda mrefu niliogopa swali lisilokuwa lenyewe, yaani kama pepo anaweza kupita kwenye kioo cha simu akamwingia mtu. Wapo wahubiri wanaolisemea hilo kwa uhakika mkubwa, nami sina uhakika wao. Ninachokijua kutoka kwangu mwenyewe ni kwamba hofu ni namna ya imani. Unayemwogopa umekwishakiri kwamba ana uwezo juu yako. Katika miezi ile, nikipita Mkunazini alfajiri kuelekea kituo cha daladala, niliharakisha hatua kwa sababu ya paka mweusi, nikawa nahesabu nani kanitazama vibaya kazini, na mtoto alipopata homa wazo la kwanza lililonijia halikuwa malaria bali lilikuwa jina la mtu. Sikuwa nimekwenda kwa mganga, lakini nilikuwa nimekwishaanza kufikiri kama mteja wake. Mtume Paulo alimwandikia Timotheo kwamba Mungu hakutupa roho ya woga, nami woga nilikuwa nauchukua mwenyewe, kila usiku, kwa bando la fedha zangu.

Kwa ajili hiyo natahadharisha kwa namna ya pekee juu ya filamu zinazojiita za Kikristo. Nimezitazama nyingi. Kwa saa moja na nusu mchawi anaruka, anaua, anageuza watu kuwa mbuzi, anacheka, na kila anachokusudia kinatimia. Dakika kumi za mwisho anaingia mchungaji mwenye suti, anapaza sauti, mchawi anaanguka, wimbo unapigwa. Mtazamaji anafunga akiamini kwamba ametazama jambo la imani. Ukipima muda, amefundishwa kwa dakika tisini kwamba giza lina akili, mipango na subira, na kwa dakika kumi kwamba Mungu ana kelele. Heri filamu isiyomtaja Kristo kabisa, ya wavuvi wanaogombania mashua, kuliko hiyo.

Lakini sisemi kwamba Mkristo atazame mambo matamu tu. Biblia yenyewe ina mfalme Sauli akienda usiku kwa mwanamke wa Endori, na ina sura ya 19 ya Waamuzi ambayo hakuna mtu angetaka kuisoma mbele ya watoto. Na kanisa letu la Mkunazini limejengwa juu ya soko la watumwa. Soko hilo lilifungwa mwaka 1873, na mwaka huo huo wamisionari wa Kianglikana wa UMCA wakaanza kujenga; mahali penye altare, kwa mujibu wa mapokeo tunayofundishwa, ndipo uliposimama mti wa kuwachapia watumwa, na duara la marumaru sakafuni ni alama yake. Kila ninapopokea Ushirika Mtakatifu nalitazama duara lile. Hilo nalo ni giza, tena la kweli, na sitaki watoto wangu wafichwe. Tofauti ni kwamba pale maumivu ya mtu hayakuwekwa ili nistarehe nayo. Swali ninaloliuliza siku hizi kabla ya kutazama kitu, basi, si kama ndani yake mna uovu, bali uovu huo nimewekewa niuhuzunikie au niufurahie. Ziko filamu za vita zinazokufanya utamani amani, na ziko filamu za mapenzi, hazina hata tone la damu, zinazokufanya umdharau mkeo kwa wiki nzima.

Muziki una habari yake ndefu; nitasema tu kwamba wimbo unarudiwa mara mia ambapo filamu inatazamwa mara moja, kwa hiyo maneno yake yachunguzwe mapema.

Sasa niseme nilivyofanya. Nilipoamua kuacha, nilifuta filamu zote kwenye simu na nikafikiri kazi imekwisha. Siku ya nne nilirudi, kwa kuwa saa zile za usiku zilikuwa bado zipo na hazikuwa na kitu ndani yake. Ndipo nilipouelewa mfano wa Bwana katika Luka 11, wa nyumba iliyofagiwa na kupambwa ambayo pepo aliyetoka anairudia akiwa na wenzake saba. Usiku wangu nilikuwa nimeufagia tu. Nikatafuta cha kuingiza: Biblia ya kusikiliza, mpira uliorekodiwa, masomo ya Kiitaliano kwa ajili ya wageni, na rafiki mmoja mlinzi wa jengo la jirani ambaye tulikubaliana kwamba saa nane usiku nitatoka kibarazani tunywe kahawa. Ile kahawa ilinisaidia kuliko vyote. Vishawishi vyangu karibu vyote vilikuwa vya mtu aliye peke yake.

Jambo jengine, futa kumbukumbu ya ulivyotazama katika programu unazotumia. Usipofanya hivyo zitaendelea kukuletea yale yale hata baada ya wewe kutubu. Yangu ilichukua kama wiki mbili kubadilika. Na kwa watoto usitegemee mamlaka: Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni lina kazi yake ya kukagua, lakini halina jicho ndani ya simu yako wala ndani ya flashi iliyojazwa dukani. Fungua akaunti ya watoto, na zaidi ya hapo, usitazame ukiwa kitandani nao kwa kudhani wamelala.

Nguvu ya kudumu niliipata mahali nisipotarajia. Jirani yetu, mama mtu mzima, Muislamu, ni mpenzi mkubwa wa tamthilia, na sauti ya televisheni yake tunaisikia ukutani mwaka mzima. Ramadhani ilipoandama, ukuta ukanyamaza. Nilipomuuliza akanijibu, "Mwanangu, kufunga si tumbo peke yake. Na macho yanafunga." Nikaona haya, kwa sababu Kwaresima yangu iliyopita nilikuwa nimeacha nyama na sukari, lakini filamu sikuziacha. Mwaka uliofuata nilifunga macho kwa siku 40. Wiki mbili za mwanzo zilikuwa ngumu, kichwa kinadai, mkono unakwenda kwenye simu wenyewe. Wiki ya tatu nikasoma Zaburi ya 91 mpaka mwisho, nikafumba macho, na hapakuwa na mtu pembeni ya kitanda.

Usiwafanyie wengine upolisi katika jambo hili. Kule Efeso, katika Matendo 19, waliochoma vitabu vya uchawi vyenye thamani ya vipande 50,000 vya fedha walichoma vya kwao, walivyovinunua wao. Hatusomi kwamba waliingia nyumba za watu. Mwenzangu wa zamu ya mchana bado anatazama, na bado ni rafiki yangu. Nimemweleza yaliyonipata mara moja, naye anajua nilipo.

Nyumbani tumeweka utaratibu kwamba ikifika saa tatu za usiku simu zote zinakaa juu ya kabati la vyombo, na mimi au mama yao tunasimulia hadithi moja. Binti yangu sasa ana miaka minane. Juzi aliniuliza kama Goliathi alikuwa jini. Nikamwambia hapana, alikuwa mtu, mrefu sana, mwenye silaha nzuri. Akakaa kimya kidogo, kisha akataka nirudie pale Daudi anapoinama mtoni kuchagua mawe matano.