Shangazi, mume wangu amezima tiki za bluu

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mke wa mtu, naishi Makorora hapa Tanga, ndoa yetu ina miaka mitatu. Mume wangu ni dereva wa lori, anapeleka saruji Arusha. Zamani nikimtumia meseji WhatsApp naona tiki mbili za bluu: amesoma, lakini jibu mpaka usiku. Nikawa namlalamikia. Sasa tangu mfungo wa Ramadhani tiki zinabaki kijivu tu, ila majibu yanakuja! Yaani anasoma na amezima makusudi nisimwone. Kwenye grupu la ukoo wao naona anasoma kama kawaida, na nikituma ujumbe wa sauti naona ameusikiliza. Meseji zangu tu ndizo anazonificha. Watu siku hizi wamekuwa wasiri, hata dada yangu na shoga zangu sioni tiki zao. Mimi yangu nilizima kwa sababu ya wasumbufu, sina cha kuficha. Nilipomwonyesha mama mkwe, akaniambia nimwache mwanawe aendeshe gari. Nimechoka, nataka kurudi kwetu Pangani. Nifanyeje?
Mwenye Dukuduku, Makorora

Marahaba, mwanangu. Pole. Kumngoja mtu aliye safarini na simu iko kimya mkononi kunachosha, hilo nakubali. Pole imeisha, sasa tuzungumze.

Kuna sentensi umeipitisha mbio mbio, kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa. "Mimi yangu nilizima." We bibi! WhatsApp walileta tiki za bluu mwaka 2014, watu wakapiga kelele, wakawekewa njia ya kuzizima. Lakini kwa sharti: ukizima zako, za wenzako nazo huzioni. Si za mumeo peke yake, za kila mtu. Ndiyo maana za dada yako huzioni wala za shoga zako. Hakuna aliyekuwa msiri hapo isipokuwa wewe. Grupu halizimiki, na ujumbe wa sauti ukisikilizwa utaonekana tu hata mtu akiwa amezima, kwa hiyo hivyo unaviona. Ushahidi wote ulioniletea wa kumfunga mumeo umetoka kwenye mipangilio ya simu yako mwenyewe.

Inawezekana naye amezima? Inawezekana. Ila ukiwa umezima wewe huwezi kulijua hilo, na tayari umeshafungasha mizigo ya Pangani.

Sasa hao wasumbufu. Msumbufu anablokiwa, mwanangu, na kublokiwa ni kubonyeza tu. Anayezima tiki ni mtu anayetaka kusoma bila aliyeandika kujua kwamba amesoma. Maana yake unasoma. Umeandika "wasumbufu" kwa wingi, lakini mimi nanusa mmoja, na sidhani kama anauza vitenge. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Turudi kwa mwenye lori. Kutoka Tanga akunje Segera, apite Mombo, Same, apande mpaka Moshi, ndipo aione Arusha. Ana mzigo wa saruji nyuma, mabasi yanamkata mbele, trafiki wako barabarani. Unataka akuandikie saa ngapi? Na hiyo bluu uliyokuwa ukiilalamikia inakwambia tu kwamba meseji imefunguliwa. Haikwambii kama aliyefungua ni yeye au ni utingo aliyeambiwa, "Hebu cheki nyumbani wanasemaje." Tena umesema mwenyewe kwamba ujumbe wa sauti anausikiliza. Dereva anasikiliza, mwanangu, kwa sababu macho yako barabarani. Mwanamume anayeisikiliza sauti ya mkewe njiani unataka kumwacha kwa sababu ya rangi ya tiki? Mama mkwe wako amekujibu kwa sentensi moja na amemaliza kila kitu. Nimempenda bila kumjua. Ungemsikiliza yeye, mimi nisingepata kazi.

Ndoa za siku hizi zina ugonjwa huu: mtu hamuulizi mwenzake, anaiuliza simu. Alikuwa mtandaoni saa ngapi, kasoma saa ngapi, kwa nini kamjibu fulani kabla yangu. Kisha anapiga picha meseji, anaenda kuwaonyesha wakwe kama karani wa mahakama. Mama zetu hapa Tanga waume waliondoka na majahazi kwenda Pemba na Mombasa, habari ikaja na nahodha mwingine au isije kabisa. Sisemi ndoa zile zilikuwa za malaika. Wengine walikuwa na mke wa pili huko huko Pemba, nisikudanganye. Ila aliyerudi alipokewa, akala, akaulizwa ana kwa ana, na kama ni ugomvi, ukagombwa uso kwa uso. Ninyi mnagombana na alama. Ukimchunguza sana bata, humli.

Fanya hivi. Pangani usiende, labda kusalimia. Leo hii ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, upande wa faragha, uwashe kitufe ulichokizima. Ukiwasha, meseji utakazotuma baada ya hapo zitakuonyesha kama mumeo naye amezima. Ikiwa amezima, muulize akirudi, ameshaoga na kula. Usimuulize akiwa Same. Ukiwa na jambo la maana akiwa njiani, mtumie ujumbe wa sauti, mfupi, na umwache aendeshe.

Na huyo msumbufu wako, ukishawasha, akiandika utakuwa huna pa kujificha: ukifungua ataona umesoma. Mwandikie mara moja kwamba wewe ni mke wa mtu, kisha umbloki kabla hajajibu.